Nyimbo za Ujana Wetu, na Kanda Moja



Wasomaji wapenzi, wimbo una tabia moja ambayo kitabu hakina: humvizia mtu. Waweza kuwa umesimama Marikiti ukichagua maembe, ghafla ikapita tuktuk yenye redio, nawe ukajikuta una umri wa miaka kumi na sita, umevaa gauni la dada yako, na moyo unakudunda kwa jambo ambalo huwezi kulisimulia mbele ya wajukuu. Tumelijadili jambo hili mara nyingi, sisi wanawake watano tunaoandika makala haya kwa kalamu moja, na hatukumpata hata mmoja miongoni mwetu aliyesalimika.

Sisi ni wa Mji wa Kale, Mombasa. Tulizaliwa kati ya mwaka 1958 na 1964, tukasoma chuoni kwa mwalimu mmoja wa kike aliyetuanzia alifu hadi tukahitimu Msahafu, tukaolewa mmoja baada ya mwingine, na leo sote ni nyanya. Tuna chama chetu kidogo cha kupeana zamu ya fedha kila mwezi, ambacho kwa muda mrefu kimekuwa kisingizio tu cha kukutana, maana fedha zenyewe ni haba. Baada ya Idi ya mwaka jana, mmoja wetu akapendekeza kwamba katika kikao kitakachofuata kila mtu alete, pamoja na mchango wake, wimbo mmoja wa ujanani mwake, na aeleze ulimkutia wapi.

Wanne walifurahi. Wa tano alinyamaza. Mwenzetu huyu, tangu aliporudi kuhiji, ameacha kusikiliza ala za muziki, wala hajapata kutunyooshea kidole sisi wengine. Alitwambia kwa upole, "Shoga zangu, mwanijua. Nyinyi kutaneni, mimi nitakuja mwezi wa pili." Wanazuoni wamelizungumza suala la ala kwa karne nyingi na wamekhitilafiana, nasi si wenye kulitolea fatuwa katika jarida la familia. Lililotukera ni jambo dogo zaidi ya hilo, na pengine ndilo kubwa: kwamba tungekaa kukumbuka ujana wetu bila ya mtu aliyekuwa ndani ya ujana huo. Ndipo mwenye nyumba akatoa rai. Tuanze na yasiyokuwa na ala, naye awepo. Yakifika ya ala, ataingia chumba cha ndani kukaa na mama mzaa chema wa nyumba ile, ambaye ni mgonjwa wa kitandani na hupenda kusomewa. Akakubali. Akasema ataleta cha kwake pia.

Basi tulikutana Alhamisi baada ya alasiri. Palikuwa na kaimati, viazi vya karai, na kahawa tungu ambayo wawili wetu wamekatazwa na daktari na wote wawili waliinywa.

Alichokileta mwenzetu huyo kilitushinda sote, nasi tulidhani yeye ndiye hatakuwa na kitu. Alileta Wasiya wa Mabanati. Walio wa rika letu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu, huo ni utungo wa Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Ustadh Mau, imamu na malenga wa Lamu, alioutunga katika miaka ya 1970 kuwausia wasichana juu ya dunia na hadaa zake. Ulisomwa kwa sauti ya Muhammad Kadara, pasi na udi wala ngoma, ukatiwa katika kanda, na kanda hiyo ikanakiliwa kutoka nyumba hadi nyumba, Lamu, Malindi, Mombasa, hata ikawa kila mama mwenye binti ana nakala yake. Sauti tupu, maneno yenye vina, na chumba kizima kimya.

Mwenzetu alisema kwamba mamake aliiweka kanda ile kila Ijumaa asubuhi wakati wa kusuka nywele, hivyo hapakuwa na pa kukimbilia, kichwa kimeshikwa. Alikuwa na miaka kumi na tano. Alichukia kila neno. Na alipofika ishirini na mbili, siku ambayo mtu fulani alimwahidi jambo fulani kwa maneno matamu kupita kiasi, beti nzima zikamjia kichwani bila kuitwa, akarudi nyumbani. Hakutueleza zaidi, nasi hatukumwuliza. Mmoja wetu alifuta macho kwa ncha ya leso akasingizia pilipili ya viazi.

Hapo tukakumbushana kwamba jambo hilo si geni katika pwani yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, naye ni mgonjwa, akampa wasia kwa mizani kwa kuwa alijua kwamba nasaha iliyo na mizani haisahauliki upesi. Ubeti wa utendi ni mfupi, mizani nane kila kipande, wapenya hata katika kichwa cha mtoto asiyetaka.

Baada ya hapo mwenzetu akainuka na Yasini yake, akaingia ndani kwa mgonjwa. Mlango akauegesha.

Wimbo wa pili ulikuwa wa Kihindi, na hakuna aliyeshangaa. Sisi tuliokulia Mombasa tulilelewa na Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi kama tulivyolelewa na shangazi zetu. Kulikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, mchana, na mabuibui yakajaa ukumbi mzima na watoto wa kunyonya na vikapu vya karanga. Filamu kama Mother India, ambayo ilitoka mwaka 1957 kabla hata ya mkubwa wetu kuzaliwa, ilirudishwa tena na tena hadi nasi tukaiona. Mama yule humpiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuwa amemteka msichana wa watu na kuvunja heshima ya kijiji. Tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka mama zetu wakibishana njia nzima ya kurudi, je, mama aweza? Wengine wakisema haki ni haki, wengine wakisema huyo si mama. Hatukuwahi kusikia mjadala wa sheria uliokuwa na hamasa kama ule, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyejua kwamba umefanyika.

Mwenzetu aliyeuleta wimbo huo aliuimba wote, kwa matamshi safi, ilhali hajui neno moja la Kihindi. Miaka arubaini aliuchukulia kuwa ni wimbo wa bibi harusi, akauimba katika harusi tatu za jamaa zake. Hivi majuzi jirani yake wa Kibohora alimfasiria: ni maneno ya mtu anayeaga dunia. Tulicheka hata mgonjwa wa ndani akauliza kuna nini.

Ni kwa njia hiyo ya sinema ndipo sauti za Kihindi zilipoingia katika tarabu ya Mombasa, na aliyezibeba zaidi ya wote ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Hapa tunataka kusema jambo ambalo hulisikii sana. Watu husema kwamba Juma Bhalo aliiga Wahindi, kana kwamba kuiga ni rahisi. Chukua wewe sauti iliyotungwa kwa lugha nyingine, yenye vituo vyake, kisha uivike shairi la Kiswahili lenye mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, pasi na kuvunja neno hata moja wala kupoteza maana. Ndiyo maana alihitaji maneno ya watunzi wa kweli, na miongoni mwao alikuwa jamaa yake Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita kilichochapishwa mwaka 1971. Wimbo ulikuwa shairi kwanza. Siku hizi tunasikia nyimbo ambazo ukiziondolea kinanda hubaki maneno matatu, na mawili kati yake ni jina la mwimbaji.

Kwa upande wa udi, alikuwepo marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ambaye aliimba kwa utulivu mashairi ya kale, mengine aliyopatiwa na Sheikh Ahmed Nabhany, bingwa wa lugha. Wazee wa nyumba zetu walimpenda Zein. Wasichana walimpenda Bhalo. Na siku za harusi, wote walimtaka Maulidi Juma au Bi Zuhura Swaleh, kwa sababu Zuhura akianza na chakacha, hata mama mkwe husahau magoti yake.

Tusijifanye malaika. Tarabu ilikuwa pia ni uwanja wa vita. Katika usiku wa harusi, upande wa wanawake, mtu angekaa kimya akisubiri ubeti fulani tu, ubeti wenye fumbo. Ukifika ule ubeti huinuka polepole, noti mkononi, akapita mbele ya yule aliyemkusudia, akaenda kumtunza mwimbaji na kurudi kwa njia ile ile ndefu. Hakusema neno. Kesho yake mtaa mzima hauna habari nyingine. Wawili wetu, ambao leo ni wakwe kwa kuozeshana watoto, hawakusemeshana miezi minane kwa ajili ya ubeti mmoja wa mwaka 1981, na hadi leo kila mmoja anashikilia kwamba fumbo halikuwa lake.

Sasa tunafika kwenye kanda.

Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa mwisho. Akatoa ndani ya kopo la biskuti kanda ya harusi yake mwenyewe, ya mwaka 1983, ya dakika tisini, arubaini na tano kila upande, iliyonaswa na kakake kwa redio kaseti iliyowekwa chini ya kiti. Hakuwa ameisikiliza kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kuwa hakuwa na cha kuichezea na kwa kuwa aliogopa ingekatika. Mpwa wake, kijana wa fundi wa kompyuta, alikuwa ameitengeneza wiki ile: alifungua skrubu, akaibadilisha nyumba yake ya plastiki iliyopasuka, akaihamishia sauti kwenye kompyuta, na akamrudishia shangazi yake na redio ya kuazima.

Upande wa kwanza ulikuwa tarabu, udi na dumbaki na kelele za watoto. Tulijitambua. Kuna kicheko kimoja pale ambacho ni cha mmoja wetu kabla hajang'olewa meno. Upande wa pili ulianza vilevile, kisha karibu na mwisho tarabu ikakoma, kwa kuwa kakake alikuwa ameipa redio kwa dada mdogo aipeleke ndani kwa wanawake, naye hakujua kuizima. Ikasikika milio ya pembe. Vugo. Wale wasiolijua, ni ngoma ya wanawake ya harusi, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, na nyimbo za kupokezana. Na mngoi akaanza, yule anayetoa wimbo ili wengine waitikie, sauti kavu kidogo, yenye nguvu, isiyo na haraka.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mwenzetu alikuwa amesimama na Yasini mkononi. Sauti ile ilikuwa ya mamake, aliyefariki mwaka 1994.

Hapana aliyejua kwamba imo. Mwenye harusi mwenyewe alikuwa ameisahau. Na marehemu yule, jueni, hakupata kupigwa picha ila moja ya kitambulisho, wala hakupata kuimba mahali pasipokuwa na wanawake peke yao. Alikuwa na msimamo huo maisha yake yote. Mwanawe alikaa chini sakafuni karibu na redio, akasikiliza hadi mwisho, dakika sita au saba, kisha akasema, "Rudisha." Tukairudisha mara nne.

Baada ya mara ya nne akauliza nani mwingine anayo. Ndipo tukakumbuka kompyuta ya mpwa.

Kijana akaitwa. Alikuja akiwa na furaha, maskini, maana alikuwa na jambo alilotaka kutushangaza nalo: alikusudia kuitia kanda yote katika intaneti, ili watu wa Maskati na Uingereza waliotoka mtaani waisikie, na vugo lenyewe lisipotee. Alisema maneno ya kweli. Alisema kwamba nyimbo za tarabu yetu zimepata kuchapishwa London, kama zile za Maulidi na za Zein mwaka 1990, lakini vugo la Mombasa kama lile, lililonaswa ndani ya nyumba, yeye hajapata kulisikia popote, na akina mama wanaolijua wanapungua kila mwaka. Ikifutwa, imekwisha.

Mwenzetu akamjibu, "Mwanangu, ni kweli. Lakini mamangu aliwaimbia waliokuwamo chumbani. Hakuniachia ruhusa nyingine."

Tulibishana hadi adhana ya magharibi, na tukabishana tena baada ya sala. Mwenye nyumba naye alikuwa na haki yake, kwa kuwa ni harusi yake, mumewe ni marehemu, na hana ukumbusho mwingine wa usiku ule. Mmoja wetu alisema kwamba aliyekufa hazuiwi heshima kwa kusikika. Mwingine akamwambia kwamba aliyekufa ndiye ambaye hawezi kukataa, kwa hiyo tuwe waangalifu naye zaidi ya walio hai. Hatukupiga kura. Katika mambo haya kura haifai.

Tulichofikia ni hiki. Kijana alikata sauti mahali pale pale tarabu inapokoma. Sehemu ya tarabu ni ya mwenye harusi, afanye apendavyo, naye amempelekea bintiye Maskati. Sehemu ya vugo ilifutwa kwenye kompyuta mbele yetu, isipokuwa nakala moja iliyotiwa ndani ya kijiti cha kuhifadhia faili, ambayo anayo mwenzetu. Kanda yenyewe imerudi ndani ya kopo la biskuti, na vijino viwili vya mgongoni vimevunjwa ili mtu asije akanasa juu yake kwa bahati mbaya. Wenye kanda majumbani, lifanyeni hilo leo, ni kazi ya ncha ya kisu. Na msiziweke karibu na dirisha la baharini, wala msizirudishe mbio kwa mashine kama zimekaa miaka. Zizungusheni kwa penseli kwanza, polepole, zikishikamana mtahisi.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo tumelianza. Maneno ya vugo lile si siri, ni sauti tu iliyo amana. Kwa hiyo mwenzetu, ambaye ndiye aliyetaka kukosa kikao, sasa huja kila Alhamisi na daftari. Amesikiliza nakala yake peke yake usiku, akaandika beti anazozisikia, na palipo na vigelegele akaacha nafasi. Sisi tunajaribu kuzijaza. Kufikia juzi tuna beti kumi na moja kamili na nne zenye mapengo. Ubeti wa tisa una neno ambalo hakuna kati yetu anayelijua, linaanza kwa "mshi", na linafanana na la Kiamu. Iwapo yuko msomaji ambaye mamake au nyanyake alikuwa akiitikia vugo la Kibokoni au Kuze katika miaka hiyo, tunamwomba aje na mzee wake Alhamisi yoyote baada ya alasiri. Wanawake tu, kama ilivyokuwa. Kahawa ipo.